Jicho la Mohamednoor

Benchi lililo mbele ya duka la matairi, ng'ambo ya lango la hospitali hapa Garissa, lina miguu mitatu na tofali moja. Wanaolikalia kila asubuhi wana majina yasiyo kwenye vitambulisho. Zakariye anaitwa Redio kwa kuwa hanyamazi. Noordin, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, anaitwa Sheria. Asubuhi hiyo Yakub alikaa kati yao na kikombe cha kahawa ya tangawizi ambacho hakuwa amekigusa. Kaka yake, Mohamednoor, alikuwa wodini. Korona ilikuwa imemwachilia na alipumua bila mashine, lakini fangasi ilikuwa imeingia puani, ikapanda, ikaua jicho la kushoto. Jana jioni daktari alisema litolewe haraka kabla haijafika kwenye ubongo. Wanaume wa familia wakasema wamsubiri kwanza Abdiwahab, mkubwa wao, aliyekuwa njiani kutoka Wajir.

— Fangasi ya miguuni naijua, — alisema Redio. — Ya jichoni imetoka wapi? Imeletwa na ndege kutoka India, wallahi.

— Imetoka duka la dawa, — alisema Yakub.

— Duka linauza fangasi sasa?

— Sikiliza, Redio, hata kama ni mara moja. Daktari anasema iko kila mahali. Kwa vumbi, kwa mkate uliolala. Wewe unaivuta, mimi naivuta, mwili unaifukuza. Lakini Mohamednoor ana sukari. Na zile tembe za kutuliza mapafu zinapunguza nguvu za mwili. Hospitali walimpa kwa kipimo, wakamwambia ziishie hapo. Akarudi nyumbani, yule mwenye duka akaendelea kutuuzia kama peremende!

— Bila karatasi ya daktari? — aliuliza Sheria.

— Karatasi gani? Unataja jina la dawa, unafungiwa.

— Na nyinyi mkanunua.

Yakub alimgeukia.

— Alikuwa anakula, walaal! Mtu alishindwa na uji, halafu akaanza kumaliza sinia ya wali na nyama ya mbuzi, anaitisha chai ya maziwa ya ngamia, sukari juu ya sukari. Nyumba nzima ikafurahi. Tembe zikiisha, tunakimbia kuleta zingine. Kumbe ndizo zilikuwa zinamtia njaa na kumpandisha sukari. Nani alituambia? Hakuna!

— Hiyo ni kesi, — alisema Sheria. — Tunashtaki duka. Tunashtaki kaunti. Aliyemwambukiza korona, naye tunamuunganisha kama mshtakiwa wa tatu.

— Utampelekea wapi samansi? — aliuliza Yakub.

— Nitaibandika msikitini.

— Wewe shtaki barakoa, — Redio alidakia. — Mtu anavaa moja wiki nzima, inaota ukungu kama dari. Tena angalia wale korongo juu ya miti ya hospitali. Wanakula jalalani, wanakuja kupiga mabawa dirishani kwa wagonjwa. Kabla ya korona walikuwa wachache. Nani aliwaleta?

— Walijileta wenyewe, waryaa, — alisema Sheria.

— Kwa pasipoti ya nani? Hata pale mpakani Liboi mbuzi anasimamishwa na kuulizwa anakokwenda!

Sheria alicheka. Yakub hakucheka. Kila neno lilimwongezea hasira, na hasira ilikuwa afadhali kuliko kuwaza uso wa kaka yake. Alimlaani mwenye duka. Akailaani bohari ya hospitali, ambayo dawa ya ugonjwa huo ya kudungwa mshipani haikuwamo, mpaka ikaletwa na basi kutoka Nairobi. Na ilipofika, daktari akasema dawa peke yake haiwezi kufika kwenye nyama iliyokwisha kufa.

Simu yake ililia. Abdiwahab. Tairi lilikuwa limepasuka karibu na Modogashe.

— Msifanye kitu mpaka nifike, — ilisema sauti. — Mtu wetu hakatwi kama hakuna mkubwa.

— Haye, sawa, — alijibu Yakub, akakata simu.

— Sawa kabisa, — alisema Sheria. — Kikao bila mwenyekiti si kikao.

Sabirin, binti mkubwa wa Mohamednoor, alikuwa amevuka barabara. Alisimama mbele ya benchi. Hakukaribishwa kahawa.

— Kuna nini, Sabirin? — aliuliza Yakub.

— Daktari amejiandaa. Chumba kiko tayari tangu alfajiri. Anasema weusi wa ile fangasi umefika kwenye kaakaa.

— Mwambie Abdiwahab yuko Modogashe.

— Nimemwambia. Mama alitaka kukubali, lakini mlimkataza kusema lolote.

— Mambo haya yana utaratibu wake, — alisema Sheria.

Sabirin hakumtazama. Alimtazama baba yake mdogo.

— Baba yuko macho, adeer. Anaongea. Alikubali jana, daktari alipomweleza. Alisema litolewe. Wakamwambia wanawangoja nyinyi. Sasa amenituma.

— Amekutuma useme nini?

— Nisiseme kitu. Niulize. Anauliza mnangoja nini?

Sheria aliangalia tofali lililoshikilia benchi. Yakub alitafuta wa kumkasirikia: mwenye duka, bohari, barabara ya Wajir. Wote walikuwa na lawama yao, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amemzuia daktari tangu jana jioni.

Alisimama. Lori la mbuzi lilipita, naye akavuka nyuma yake huku Sabirin akimfuata. Langoni alizima simu. Aliingia kumwambia daktari asimngoje mtu tena.