Mama Vinundu na Magunia ya Udongo

Miaka thelathini na mmoja kazini, na Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wa maabara yetu ya malisho, Mama Vinundu, anastaafu. Nimepewa mimi dereva niandike, na hawakukosea. Shule niliiacha njiani, lakini barabara zimenisomesha, na hakuna aliyesafiri naye kunizidi.

Kazi yake ilikuwa kukusanya mikunde pori, majani ambayo ng'ombe huyapenda na wasomi huyakanyaga. Aling'oa kila mmea taratibu, akahifadhi mbegu zake na kuchunguza vinundu vya mizizi, nyumba ya bakteria wanaoupikia mmea mbolea kutoka hewani. Kwenye kilima ambako mimi niliona jani moja tu, yeye alihesabu koo arobaini: huu unavumilia ukame, ule chumvi.

Mwaka wake wa tisa, mbegu hizo zilipandwa kwenye shamba letu zikaota njano kama mgonjwa wa ini. Mkurugenzi wa wakati huo akaamuru aina zote mia nne zitupwe, makabati yanahitajika. Mama akapinga kikaoni. Alisema mbegu hazina kosa, sisi ndio tumeleta mabibi harusi tukawaacha mabwana harusi kwao. Akapewa msimu mmoja. Akishindwa, aondoke na mbegu zake.

Siku kumi na moja tulizunguka kuchota udongo pale pale kila mmea ulipotoka. Nilimtania kwamba nimebeba mengi duniani, ila kuhamisha nchi kwa kijiko ndiyo mara ya kwanza. Akaniambia nifunge gunia, na mdomo pia.

Maabarani aliupa kila mmea bakteria wa udongo wa kwao. Kwenye mistari kumi na miwili ya mimea aliwachanganya. Akaandika kosa lake kwa wino mwekundu, akaanza upya. Wiki ya sita, mistari yake ilikuwa kijani, ya jirani, isiyopewa bakteria, bado njano. Mkurugenzi akachuchumaa, akapasua kinundu, akakuta ndani ni chekundu kama nyama, dalili kwamba bakteria wako kazini. Makabati hayakuguswa tena, na leo yana aina elfu mbili na mia tatu.

Lakini bakteria hao, tunaowahifadhi kwenye jokofu, wasipokuzwa upya kwa wakati hufa, na tunamwona Mama akichungulia jokofu mara nne kwa siku. Mama, tulia. Zamu za mwaka mzima zimebandikwa mlangoni, na jina la kwanza ni la dereva. Nimeshafuzu kuwakuza, muulize msaidizi wako.

Ahsante kwa ubishi wako. Nenda kapumzike na mzee wako, uwe na afya tele na usingizi mnono. Bakteria wako hawatakufa mikononi mwetu.