Nyevu na Wadudu Wawili wa Madoa

Mama Nyevu Kaviha alizaliwa Rabai mwaka 1889, au 1890 kwa hesabu ya dada yake, ambaye hakupenda kupitwa umri. Alisoma shule ya misheni miaka mitatu. Alifunzwa Zaburi na kunyamaza; ni Zaburi zilizomkaa.

Mwaka 1909 alifunga ndoa na Tsofa Karisa, wakahamia Kisauni na kufyeka shamba la kunde na maboga. Tsofa alitangulia mwaka 1941.

Shambani mle mna wadudu wawili wa mviringo, wote wekundu, wote wa madoa meusi, kama mapacha waliovishwa sare. Mmoja hung'aa kama ushanga; hukaa kwenye kunde akila vidukari wanaoinyonya. Mwenziwe amefifia, madoa yake ni mengi, mgongoni ana vinyweleo. Hukaa kwenye maboga, na jani akiliacha limekuwa wavu. Marehemu Nyevu alimlinda wa kwanza, akamponda wa pili.

Mwaka 1944 mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili. Wajukuu wakasaidia kwa kuponda kila chekundu, na vidukari wakaijaza kunde. Ngumbao, mdogo wa Tsofa, mtu mwepesi wa kuamua, akatangaza kwamba shamba atalichukua yeye.

"Shemeji, kazi hii yataka macho."

"Niletee mdudu. Nikikosea, chukua na jembe."

Akaletewa mmoja. Marehemu akamwacha atembee juu ya mdomo wake.

"Ana manyoya. Huyu wa maboga."

Ngumbao akacheka. "Nimemtoa kwenye kunde kwa mkono wangu!"

"Na wewe huonekana kanisani, shemeji. Umekuwa kasisi?"

Ngumbao akampeleka mdudu juani, akamgeuzageuza. Vinyweleo vilikuwapo, vyembamba kama ukungu. Macho yake mawili mazima yalihitaji jua lote la Kisauni kuviona. Alisimama pale kitambo kirefu, kama mtu aliyekuta, katika nyumba aliyozaliwa, chumba asichopata kukijua. Habari ya shamba hakuitaja tena. Aliomba afundishwe.

Homa ya mapafu ilimshika marehemu Julai 1948. Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti, shamba likiwa lake.

Ameacha watoto watatu, Phineas, Kafedha na Jumwa, wajukuu tisa, na shemeji ambaye jana, kabla kaburi halijachimbwa pembeni mwa kunde, aliwazuia vijana na majembe yao, akapiga magoti, akafumba macho, akawahamisha wadudu mmoja mmoja, akiwatambua kwa kuwapitisha juu ya mdomo wake.

Mola amjaalie mama yetu mapumziko ya amani.