Ukipona, Upone Mbele za Watu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wapenda Panga za Kale, wanachama mliokuja na panga zenu mmezifunika vitambaa kama watoto wachanga, ndugu wageni waalikwa, majirani mnaotuvumilia kelele za nyundo kila siku, wanangu na wajukuu zangu: hamjambo nyote. Kaeni. Mwenye kiti kinachoyumba aegemee ukuta, hatuna kingine.

Nimeambiwa niwakaribishe katika karakana hii ya uhunzi, ambayo tangu mume wangu atangulie mbele ya haki ilikuwa ikitoa mageti na nondo za madirisha tu, na ambayo leo mjukuu wangu, huyu binti mnayemwita Cheche, anaifungua upya kuwa karakana ya panga. Na panga ninazosema si zile za kufyekea. Kuna jirani hapa kila mara ananiletea la kwake nimnolee, na kila mara namfukuza, na bado anarudi. Nakuona, baba. Karibu.

Wapenda panga, niwaseme kidogo, maana nawapenda. Mkikutana ninyi, kazi yenu ni kutamani. Huyu anatamani fundi amfulie upanga mpana kama ulimi wa ng'ombe, yule anautaka uliopinda kama mwezi mchanga, na mama mkunga pale mbele anautaka wa makali mawili, wenye mfereji katikati ya bapa. Na madukani kuna nini? Kuna vitu vinavyong'aa kama sufuria mpya, ambavyo ukivitikisa mara moja mpini unabaki mkononi na upanga unakwenda kumsalimia jirani. Je, huo ni upanga? Na anayetamani kitu kilichofanywa sawasawa, tumcheke kwa lipi?

Ndipo Mwenyekiti akaja na upanga wa babu yake, ukiwa ndani ya ala yake ya ngozi, uliofuliwa humu humu na babu wa mume wangu. Akasema, "Fundi, nataka pacha wake. Usiongeze, usipunguze, hata unene wa unywele." Na Cheche, mtoto asiyejua kufanya jambo nusu, akaupima kwa kamba, akaupima kwa vidole, akafua pacha. Mkutano wenu uliopita mnaukumbuka. Mwenyekiti aliweka ncha kwenye gogo, akakandamiza mpini, maana upanga wa kweli hupinda kisha ukanyooka. Ule ulilia ta, ukawa vipande viwili. Watu wazima wote mkaanza kutazama viatu vyenu.

Mjukuu wangu akarudi hapa akaanza kuosha fuawe, lile pande la chuma la babu yake tunalofulia juu yake. Nani anaosha fuawe?

"Unaiosha ya nini?" nikamuuliza.

"Kuna mnunuzi, Bibi. Anakuja na mkokoteni. Mimi nakwenda kiwandani kuchomelea madirisha."

"Na yeye ataifulia nini?"

"Hafui. Ataiweka mlangoni mwa hoteli yake, watu waipige picha."

Sikumbembeleza. Nilimwambia ananuka moshi na woga, na moshi hutoka kwa sabuni. Afue mmoja wa mwisho, aage kiungwana. Akafua, kwa kipimo kilekile.

Ulipokuwa tayari, akaja shemeji yangu mshona ngozi na ala mpya. Upanga ukatumbukia ndani, ukacheza kama kunde kwenye kopo.

"Babu, hii ni ala au umenishonea gunia?" Cheche akamwambia.

"Nimefuata ala ya zamani, mshono kwa mshono. Wewe ndiye uliyefua sindano."

"Nimefua pacha."

"Pacha wa nani, wa njaa?"

Kwa hasira Cheche akauchukua upanga wa zamani, akautia kwenye ala yake ya zamani, akautikisa puani mwa mzee wa watu amkomeshe. Nao ukacheza vilevile.

Mmeelewa, ndugu zangu? Ala haikukua. Upanga ndio uliokonda. Baba kaunoa, mwana kaunoa, mjukuu kaunoa, mpaka nyama yake ikaisha, na sisi na kamba zetu tulikuwa tunazaa mtoto na mvi zake na makunyanzi yake. Nani mwingine angekosea hivyo isipokuwa watu wanaokipenda kitu mpaka wakaiga na uchakavu wake? Cheche alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaukandamiza ule wa pili, ukavunjika palepale alipokwisha kutuonyesha kwa kidole. Sijapata kuona mtu akifurahia hasara namna ile. Mnunuzi alipofika alikuta moto unawaka na fuawe ina kazi. Akanywa chai, akaondoka na mkokoteni mtupu.

Upanga huu ulio mezani umefuliwa kwa kipimo cha ala, yaani vile mwenzake alivyokuwa siku alipotoka motoni. Jana Cheche alitaka kuujaribu peke yake, mlango umefungwa. Nikamkatalia. Aibu tuliipata hadharani. Huu nao ukipona, upone mbele za watu. Na usipopona, Cheche mama, nisikilize vizuri: kesho asubuhi mimi mwenyewe ndiye nitakayekuvutia mivukuto moto upate pumzi, na wa mkokoteni akirudi hapati hata maji.

Haya, Mwenyekiti, mwanangu, inuka. Gogo hilo hapo. Weka ncha. Kandamiza. Zaidi, usiuonee haya. Mbona umefumba macho, nani atatuhadithia? Zaidi. Hapo hapo. Sasa achia.

Umenyooka.

Subirini, vigelegele vitatuangushia bati. Cheche, njoo huku, njoo na masizi yako hivyo hivyo, nani kakwambia mhunzi halii? Mwenyekiti, na wewe acha kuukumbatia, bado si wako. Mpe fundi kwanza, uupokee kutoka mkononi mwake kama mtu mwenye adabu. Nawashukuru nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama na mtoto huyu wakati moyo wake ulikuwa juujuu. Asanteni kwa kunitegea masikio. Sasa mtegeeni yeye.