Mzee Abednego Manyanda, Aliyekataa Kutolewa Nyongo

Mzee Abednego Manyanda, ambaye leo tumemleta hapa Makanyagio kumpumzisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji kimoja cha Maswa, mtoto wa tatu wa Mzee Manyanda. Kitambulisho chake kinasema 1954. Kitambulisho hakikuwepo. Dada yake Minza, anayewasomea haya, alikuwepo, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka mtoto akaota meno akaanza kumng'ata.

Alianza shule mwaka 1960, akaishia darasa la nne. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore ng'ombe. Marehemu akachora matumbo yote nje. Alipoulizwa, alijibu kwamba akiyachora ndani hayataonekana. Alichapwa, lakini hapo ndipo kazi yake ilipoanzia.

Mwaka 1977 familia ilihamia kijiji cha Mamba na ng'ombe wake. Miaka miwili baadaye marehemu alikuja Mpanda mjini, akaingia machinjioni. Kuchinja alichinja Bwana Seleman, maana nyama ni ya watu wote. Kazi ya marehemu ilikuwa kuchuna na kufungua tumbo. Mtihani wa kazi hiyo ni nyongo. Ikipasuka, ini limekwisha, na jina lako nalo limekwisha.

La kwake lilikaribia kwisha mapema. Mwaka 1981 alikwenda Katumba kumposa Bernadetha, binti wa Mzee Séverin. Kwa kutaka kuonekana, akaomba ampasue mbuzi wa wageni yeye mwenyewe, na kisu kikapasua nyongo. Watu walitafuna huku wamekunja nyuso. Mwishowe Mzee Séverin akauliza, "Mkwe, hii ni nyama au umetuletea dawa ya malaria?"

Bernadetha akajibu akiwa jikoni, "Baba, meza tu. Kaka zangu waliunguza nyumba nzima ukawasamehe, huyu ameharibu ini tu."

Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981. Kuanzia siku hiyo marehemu hakupasua nyongo nyingine, na bucha alilofungua baadaye halikukosa wateja.

Mwaka 2018 maumivu yalimwanza chini ya mbavu za kulia, kila akila mafuta. Yeye akasema ni kiungulia, akanywa magadi mpaka Bernadetha akakosa ya kupikia mlenda. Agape, binti yake, ndiye aliyemvuta hospitali. Daktari Bushra, msichana wa sauti ya chini, alimpiga picha akakuta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Akamweleza kwa upole kwamba mfuko ule si debe la kuhifadhia tu. Ukuta wake una seli hai, nazo zinavuta chumvi kutoka kwenye nyongo: chembe ya sodiamu inaingia, chembe ya haidrojeni, ile yenye uchachu, inatoka. Maji yanaifuata chumvi, nyongo inabaki nzito. Ikizidi uzito, inaganda na kuwa mawe.

"Kwa hiyo ni mnada wa ng'ombe," marehemu akasema. "Mmoja anaingia, mmoja anatoka."

"Ndiyo, Mzee. Na kwenye utumbo kuna mnada wa namna hiyohiyo."

"Ushuru anakusanya nani?"

Maneno yale aliyapenda mno. Wiki nzima hakuna mteja aliyefungiwa nyama kabla ya kusikia habari za mnada wa tumboni. Lakini kutolewa ule mfuko, akakataa.

"Daktari, mimi nimetoa nyongo za ng'ombe karibu miaka arobaini. Sijaona hata mmoja aliyesimama akarudi malishoni."

"Mzee, hao Bwana Seleman alikuwa ameshawapitia shingoni."

"Hata hivyo."

Miezi ikapita. Macho yakawa ya njano, homa ikawa inakuja na kuondoka inavyotaka, suruali ikafungwa kwa kamba. Bernadetha alilia mpaka akachoka. Dada yake akamwambia, "Abednego, sikukubeba mgongoni ili nije nikuzike kwa ukaidi wako."

Hapo akalegea, akatoa sharti moja: daktari aje machinjioni auonyeshe mkono wake. Sote tuliona aibu. Lakini Daktari Bushra alikuja, Jumamosi, na gambuti miguuni. Bwana Seleman akachinja mbuzi, daktari akafungua tumbo. Machinjio nzima ilisogea kutazama, hata mbwa. Marehemu akaipokea ile nyongo, akaiminya, akaiinua kwenye mwanga. Kisha akalilamba ini.

"Mkono upo," akasema. "Ila Seleman asije huko hospitali."

Alipasuliwa tarehe 11 Juni 2019, akapona. Mawe yake aliyaweka ndani ya chupa juu ya meza ya bucha, mpaka bwana afya alipomwamuru ayaondoe. Kuanzia hapo, jirani yeyote aliyeogopa kisu, marehemu alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, amemshika mkono, anamsimulia mnada. Wengi wao wako hapa, wazima.

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, nyumbani kwake. Moyo ulisimama. Nyongo haikuhusika; Daktari Bushra, aliyekaa pale na akina mama, ameomba hilo lisemwe.

Marehemu ameacha mjane, Bernadetha; watoto wanne, Ezekia, Agape, Gaudensi na Aurélie; wajukuu kumi na mmoja; na dada mmoja. Ameacha pia rafiki yake Maiko, muuza mchele, mwenye mawe kama yaleyale, ambaye marehemu alimwahidi kumpeleka hospitali Alhamisi hii. Jana Maiko alisikika akisema kwamba kwa ajili ya msiba huu, safari imekufa.

Maiko, aliyekufa ni Abednego. Safari iko palepale. Dada yake marehemu atakuwa mlangoni kwako saa moja asubuhi, na mkono wa kukushika anao. Habari za mnada anazijua kwa kichwa.

Abednego apumzike kwa amani. Maiko, wewe bado.