Kaimu wa Miaka Kumi na Tisa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutufariji, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenikabidhi kuwasomea maisha yake, nami nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu kuna ukurasa mmoja alioandika kwa mkono wake akaagiza usomwe mbele yenu, na sisi wanawe tumebishana juu yake siku mbili nzima.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake fundi mitambo mweupe aliyeletwa na kazi, mama yake mfua nguo mweusi, na kwa kuwa siku zile jambo hilo halikuzungumzwa sebuleni, aliandikishwa kwa ukoo wa mama. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, kisha sekondari hadi 1966, ambako mwandiko wake ulisifika hata mwalimu mkuu akampa kazi ya kujaza vyeti vya wenzake.

Tarehe 3 Januari 1968 aliajiriwa ukarani katika ofisi ya itifaki, kazi yake ikiwa kuandika kadi za majina zinazowekwa kwenye viti vya sherehe za serikali, kazi inayoonekana ndogo mpaka waziri mmoja akute kapangwa nyuma ya mwenzake. Tarehe 1 Agosti 1978 mkuu wake alistaafu, naye akateuliwa kukaimu nafasi hiyo kwa miezi mitatu, miezi ambayo ilikuja kuwa miaka kumi na tisa. Serikali ya wakati ule ilimwona mweusi mno kuthibitishwa, ilipobadilika mwaka 1983 ile mpya ikamwona mweupe mno, naye, kama alivyopenda kutuambia, hakuwa amebadilisha hata sabuni.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na mama yetu, mkunga wa zahanati, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Mama alimwita Mheshimiwa Kaimu, na bomba la jikoni lilipovuja wiki nzima bila kutengenezwa alimuuliza kama anasubiri barua ya kuthibitishwa ndipo ashike spana. Baba alicheka, lakini sisi tuliomwona akikimbilia kufungua kila bahasha ya serikali tulijua kwamba halikuwa jambo la kuchekesha.

Sasa nasoma maneno yake mwenyewe.

“Mwezi Machi 1997 tulifanya usaili wa naibu mkuu. Walikuja watu watano, na aliyeongoza kwa alama themanini na moja alikuwa dada niliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, mwenye rangi kama yangu. Aliyemfuata alipata sitini na nne. Katibu wa waziri akanipigia simu, akaniambia kwa upole kwamba wakubwa wako tayari kunithibitisha, ila wawili wa rangi ile katika ofisi moja wataonekana wengi. Sikuuliza ni wakubwa gani. Nililikata jina lake nikatia sahihi, na kwenye karatasi ile hakuna sahihi nyingine isipokuwa yangu. Barua yangu ilifika tarehe 2 Juni. Maisha yangu yote nilisema sina madaraka. Siku ile nilikuwa nayo, na hivyo ndivyo nilivyoyatumia.”

Dada huyo aliyekatwa jina alihamishiwa masjala ya chini, akafungua na kufunga majalada ya watu wengine mpaka alipostaafu mwaka 2014, cheo kilekile, wakati baba alistaafu tarehe 30 Juni 2007, akiwa mkuu kamili, kwa hotuba nzuri na saa ya ukutani.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na ni kwenye kiti kile cha hospitali, wiki tatu kabla ya kifo chake, alipoandika ukurasa huu. Nilimuuliza kwa nini hakumtafuta dada yule yeye mwenyewe alipokuwa na nguvu, akajibu kwamba aliogopa, nami nimelisema hilo kama alivyolisema. Alifariki tarehe 11 Februari 2023, saa tano asubuhi, wodi namba nne, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Mdogo wangu alisema tusimvue baba nguo hadharani, na sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi niliona aibu, ndipo tukakubaliana kwamba mwenye haki ya kuamua ni yule aliyekatwa jina. Jana mchana tulikwenda kwake, akausoma ukurasa mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akaukunja, akanirudishia. Alisema, “Usomeni wote. Kusamehe bado sijafika, msinisukume. Ila kesho nitakuja.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali kwa magari yao, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliosimamia shughuli hii tangu siku ya kwanza. Na wewe mama, uliyekuja kama ulivyosema, hatukuombi neno lolote leo wala siku nyingine, tunakushukuru tu kwa kukaa ukasikiliza.

Baba, tumeusoma wote mbele yake. Pumzika sasa kwa amani.