Meno Sita ya Chini

Ilikuwa mwaka 1993, katika meli ya kutoka Kisumu kwenda Homa Bay. Mbele yangu aliketi mzee mmoja, Zadock, akiziba mdomo kwa leso. Kando yake alikuwa Mama Zeituni, muuza vitambaa wa mtaa wa Kaloleni pale Kisumu, ambaye hakuhitaji kualikwa ili aulize.

"Binti yangu anataka nipandikizwe meno ya chini," Zadock alisema. "Daktari wa Nairobi anayafunga kwa skrubu ndani ya mfupa. Hayatoki tena, hata nikifa."

"Kubali, Baba! Haya yangu ya kuvaa yaliruka nikicheka arusini, yakaangukia sahani ya bwana arusi."

Alicheka tena, safari hii akiyashikilia kwa kidole. Mimi nilitazama ziwa kwa heshima.

Zadock hakucheka. "Mama, sisi Wajaluo wa zamani tuling'olewa meno sita ya chini tukiwa vijana. Ndiyo alama yetu. Baba yangu alikufa nikinyonya, sura hii haijui. Nikienda kwake na meno kamili, si atanifukuza kama mgeni?"

"Basi vaa ya kutoa kama yangu. Ukifa, mkeo atayatoa."

"Mke wangu alishatangulia. Na watoto wa siku hizi wataona nimependeza, waniache nayo."

Mama Zeituni alitoa kidole mdomoni. Kisha akasema polepole, "Niambie kijiji chenu. Nikisikia msiba, nitakuja kuyatoa mwenyewe."

"Na ukitangulia wewe?"

Meli iligonga gati, na abiria wote wakasimama.