Firimbi ya Mwambire na Rufaa ya Marafa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya michezo hapa Malindi, Bwana Mwambire Ngala anastaafu Ijumaa hii. Anaondoka na kofia ambayo hatujawahi kuiona ikifuliwa na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Firimbi yake bado inashikiliwa na muuguzi wetu, Sista Pamela Kasiva, kwa sababu tutakayoieleza. Tulidhani tutafurahia utulivu. Hatufurahi hata kidogo.

Alianza kwa kuchora mistari ya chokaa, akawa refa, kisha msimamizi wa ligi ya vijana. Zama hizo tiba yake ilikuwa maji baridi ya mtungi na makelele. Mchezaji aliyeteguka mguu alimwagiwa, akakaripiwa, akarudishwa uwanjani akichechemea. Wengi hawakuonekana msimu uliofuata. Mashabiki nao wakapungua, na mfanyabiashara aliyekuwa akidhamini kombe akaona heri pesa zake aozeshee wanawe. Ligi ilikuwa mahututi, na Mwambire aliipenda kuliko pilau, jambo ambalo si dogo kwa anayemjua.

Ndipo wakubwa wakaamua michezo na afya zifanye kazi pamoja, wakamleta Sista Pamela ofisini mwake, meza kwa meza. Mwambire alinuna wiki nzima. Kwa maoni yake, kazi ya watu wa afya ni kuharibia wenzao chakula. Lakini Sista alikuja na mtaalamu wa viungo, na waliotibiwa wakarudi kucheza. Akaweka mizani ya watoto na mashine ya presha kando ya uwanja, na kina mama wa mtaa wa Kisumu Ndogo, ambao mpira haukuwahusu, wakaanza kuja. Wauzaji wa viazi karai wakawafuata. Mafundi wa cherehani wakapata kazi ya kushona jezi, na duka moja la dawa likadhamini kombe. Mwambire, ambaye hakujaliwa kuona haya, akaanza kusema wazo lilikuwa lake.

Kwa furaha hiyo akatunga sheria: siku ya mechi mtu asikanyage uwanja kabla ya kupimwa presha. Wote tulipimwa isipokuwa yeye. Kila Sista alipomfuata na mashine, alikumbuka ghafla kwamba nyavu zimechanika.

Mwaka jana timu ya Marafa ilifungwa fainali mabao manne kwa nunge. Hawakuwa na la kujitetea, ila nahodha wao, Dzombo, alikuwa na macho. Alikata rufaa kwamba mechi ni batili, kwa kuwa msimamizi aliingia uwanjani bila kupimwa.

"Shikamoo, mzee," alimwambia kwa adabu zote, "lakini sheria ni yako."

Uwanja mzima ulicheka. Mdhamini alikuwa amesimama pale pale, na kama Mwambire angekataa, sheria ingekuwa mzaha na ligi ingerudi kitandani. Akaketi, akakunja shati. Sista akapima. Akapima tena, na kicheko kikaisha. Alimvua firimbi shingoni, akampakia kwenye gari la wagonjwa lililowekwa kwa ajili ya wachezaji. Daktari alituambia tungechelewa kidogo, tungekuwa tunachangia matanga. Tuliogopa sana siku ile.

Alirudi kazini amekonda, mkali kuliko kwanza, akiutazama mchicha aliopangiwa na daktari kana kwamba ni refa aliyehongwa. Rufaa ya Marafa aliikubali. Mechi ikarudiwa, wakafungwa sita. Leo timu za Kibarani zinaomba mpango huo huo upelekwe kwao, na yeye bado anasema wazo lilikuwa lake.

Mzee Mwambire, asante kwa ligi uliyotuachia ikiwa hai, na asante kwa kubaki hai nayo. Firimbi utarudishiwa Ijumaa, ukishapimwa. Tunakuombea maisha marefu yenye chumvi kidogo. Na kwa kuwa unahamia shambani kwako Marafa, ujue jirani yako ni Dzombo: siku utakayoruka dawa, atakata rufaa.